Kupima farasi magonjwa ya uzazi: mashine ya zizini, darubini ya shambani, ama maabara?

Msimu wa kupandisha ukikaribia kila mwenye farasi jike anajiuliza lile lile, nipime hapa hapa zizini nijue leo, ama nitume maabara ningoje wiki nzima? Na siku hizi mashine za kupima papo hapo zimekuwa nyingi, wauzaji wana maneno matamu, mwenye shamba anabaki kichwa kizito hajui ashike lipi. Mimi kazi yangu ni upande huu wa kushika swabu na kubeba sampuli, na msimamo wangu nautoa mapema usihangaike kuutafuta chini huko: chagua kipimo kwa kuangalia ugonjwa unaoutafuta na uamuzi unaokungoja ukishapata jibu. Kama jike ametupa mimba alfajiri na wenzake kumi wenye mimba wako paddock moja naye, saa moja ina thamani kubwa sana. Kama unataka karatasi ya kumvusha mpaka, hiyo saa moja haikununulii chochote, maana wanataka stempu ya maabara inayotambuliwa basi.

Kwanza tuelewane majina maana watu wanachanganya

Kuotesha ni ile njia ya tangu zamani, swabu inapakwa kwenye sahani ya agari (ile jeli ya kulishia bakteria), inawekwa kwenye joto la nyuzi 37, bakteria akiwepo anaota unamwona kwa macho. PCR inatafuta vinasaba vya kidudu, haijali kama kiko hai ama kimekufa, na ukituma maabara majibu kwa kawaida ni siku moja mbili tangu sampuli ifike. PCR ya kubeba ni hiyo hiyo ila iko kwenye kisanduku unachokiweka juu ya meza ya stoo ya hatamu, jibu karibu saa moja. Halafu kuna LAMP ambayo ni ndugu yake, hiyo inatumia joto moja tu la nyuzi 60 hadi 65, haipandi haishuki, na ndani ya nusu saa hadi saa moja imemaliza. Kuna vikadi vya mstari, sawa na vile vya kupima malaria dispensari. Na mwisho kuna darubini na vile visahani vya kuoteshea hapo hapo shambani, ambavyo watu wanavidharau sana, na mimi naona ndivyo vinavyofanya kazi nyingi kuliko vyote, nitafika huko.

Hizi mashine za kubeba si uchawi. Chukua mfano wa POCKIT ya Taiwan. Kuna kimrija chembamba, kinapashwa moto chini tu, maji ya chini yakishika moto yanapanda, yakifika juu yanapoa yanashuka tena, yanazunguka yenyewe hivyo hivyo mara nyingi, na huo mzunguko ndio unaofanya ile kazi ya kupasha na kupoza ambayo mashine kubwa ya maabara inaifanya kwa umeme mwingi. Dawa zake zinakuja zimekaushwa kwa hivyo hutafuti friza. Mwisho kioo kinakuonyesha alama ya kujumlisha ama ya kutoa, hakuna grafu za kusoma. Ni kitu kizuri kweli. Ila ile saa moja wanayoitangaza mara nyingi ni saa ya mashine peke yake, bado hujahesabu kutoa vinasaba kwenye sampuli, kuvaa glovu, kuandika, kusafisha meza, kwa hivyo ukiambiwa saa moja wewe panga saa mbili.

CEM, hapa usiikimbie maabara

CEM, ugonjwa wa kuambukiza wa mfuko wa uzazi unaoenda kwa kupandana, ndiyo inayowaogopesha watu wa farasi wa mbio, na wana haki. Bakteria wake anaitwa Taylorella equigenitalis, aligunduliwa Newmarket Uingereza mwaka 1977 baada ya kuvuruga msimu mzima wa kupandisha. Ubaya wake ni kwamba dume hana dalili yoyote, anakula vizuri, anang'aa, anapanda vizuri, na jike anayempanda anaweza kuondoka na mzigo. Jike anaweza kutokwa na uchafu mwingi wa kijivu siku chache baada ya kupandwa na akarudi kwenye joto mapema, ama asionyeshe kitu kabisa akabaki amembeba bakteria kwenye mikunjo ya kinembe miezi na miezi.

Kuotesha bakteria huyu ni kazi ya subira. Anataka agari ya chokoleti yenye damu, anataka hewa yenye kaboni dioksidi asilimia 5 hadi 10, na hata hivyo makoloni, vile vikundi vyake kwenye sahani, hayaonekani kabla ya siku mbili tatu, tena vidogo mno, kwa hivyo maabara ikifuata utaratibu haiandiki hasi mpaka siku 7 ziishe. Juu ya hapo swabu lazima isafiri ndani ya Amies yenye mkaa, ile jeli ya kusafirishia sampuli, ikiwa baridi, na ifike ndani ya saa 48. Na bakteria wengine wa kawaida wa sehemu hizo wanaota haraka kuliko yeye wanamfunika, ndiyo maana wanaweka dawa kwenye agari ya kuwazuia hao wengine, na sahani mbili tofauti maana kuna Taylorella anayekufa kwa antibaiotiki ya streptomaisini na kuna asiyekufa.

Sasa hesabu hiyo saa 48 ukiwa Gilgil ama Timau. Kufika Nairobi ni rahisi. Lakini kama maabara ya CEM unayoiamini iko Onderstepoort Afrika Kusini ama Newmarket, una ndege, una vibali vya kuingiza sampuli, una afisa ambaye hayuko ofisini Ijumaa mchana, na swabu yako inapata joto kwenye gari la kuleta mizigo. Bakteria akifia njiani jibu linarudi hasi, na hasi ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutopima kabisa maana inakupa moyo wa kumpandisha. Kwa sisi wa mbali PCR ndiyo yenye faida kubwa, swabu kavu inatosha, bakteria akifa vinasaba vyake bado viko, na hao bakteria wengine hawamfuniki. Mimi kwa shamba la Afrika Mashariki ningetuma PCR kwanza kila wakati, na kuotesha nikakuweka kama uthibitisho pale ambapo njia ya baridi imepatikana kweli.

Na mashine ya PCR ya zizini kwa CEM je? Hapa wengi watanikasirikia. Naona inafaa kuchuja, haifai kuhukumu. Sababu ni hesabu tu. Tuchukulie una majike 1,000 na kweli wagonjwa ni 2, na mashine yako inakosea mara 2 kwa kila wazima 100. Itakupa chanya za uongo karibu 20 na chanya za kweli 2, kwa hivyo kila chanya kumi unazoziona, tisa ni za uongo. Mashine haina makosa hapo, ni ugonjwa wenyewe ndio adimu. Sasa CEM Uingereza ni ugonjwa wa kuripoti kisheria, ukisema chanya shamba linafungwa, dume anasimama, wenye majike wanapiga simu usiku kucha. Kwa uzito huo chanya ya zizini inatakiwa ikufanye mambo mawili tu, usimamishe kupandisha leo hii na umpigie daktari atoe sampuli rasmi. Kule Uingereza mwongozo wa HBLB, bodi yao ya ushuru wa mbio za farasi, unataka swabu za msimu zichukuliwe baada ya tarehe 1 Januari na ziende maabara iliyo kwenye orodha yao, kisanduku chako cha stoo hakimo humo.

Vikadi vya damu kwa CEM usinunue, hata ukipewa bei ya kutupa. Dume hatengenezi kingamwili za kupimika, bakteria amekaa juu ya ngozi tu hajaingia mwilini. Jike kingamwili zinaonekana wiki chache baada ya kuambukizwa halafu zinapotea huku yeye bado amembeba bakteria. Damu peke yake haiwezi kukuambia jike huyu ni salama.

Mtu anaweza kusema haya ni makali mno kwa ugonjwa ambao hajawahi kuuona. Afrika Kusini pia walikuwa hawajauona, mpaka 2011 ulipotokea kwa dume wa aina ya Lipizzaner kule Gauteng, na walipofuatilia wakakuta madume zaidi ya 30 wameambukizwa, wengi wao hawakukutana na jike yeyote mgonjwa, walipita tu kwenye kituo kimoja cha kukusanyia mbegu, bakteria akahama kwa mikono na vifaa na lile sanamu la kupandia. Marekani nao, Desemba 2008 Kentucky, dume wa aina ya Quarter Horse alipimwa kwa ajili ya kuuza mbegu ya barafu nje ya nchi, akawa chanya, na kazi ya kufuatilia ikafika farasi kama 1,000 katika majimbo 48. Habari zote mbili zinatuambia mbegu ya kopo, ile ya kupandikiza bila dume kupanda, haikukingi na CEM kama watu wanavyodhani. Na wengi wa farasi wetu wazuri Kenya wana damu ya Afrika Kusini, kwa hivyo hiki si kisa cha mbali.

Kuna jambo la punda pia. Punda wana bakteria wao, Taylorella asinigenitalis, aliyegunduliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwenye sahani anafanana sana na yule wa CEM. Ukiwa na shamba ambalo dume la punda linapanda majike ya farasi kupata nyumbu, uliza maabara kabla ya kutuma kama PCR yao inawatenganisha hao wawili, ukikuta ni kuotesha tu bila PCR unaweza kufungiwa shamba kwa bakteria ambaye si yule.

Jike ametupa mimba, hapa mashine ya haraka inashinda wazi

Virusi vya EHV-1, yaani herpes ya farasi. Jike anatupa mimba kwenye theluthi ya mwisho, mara nyingi bila dalili yoyote kabla, unaamka unakuta mtoto amezaliwa mfu kwenye majani na kondo liko pembeni. Yale maji na ile kondo vimejaa virusi. Wenzake wanakuja kunusa maana farasi ni mdadisi, na kila anayenusa anaweza kutupa wiki kadhaa baadaye.

Hapa ndipo naipenda mashine kwa moyo wangu wote. Uamuzi unaosubiri ni mkubwa na ni wa leo: nani atengwe na nani, mfanyakazi gani aingie banda lipi, lori la jike anayeondoka mchana liruhusiwe ama lizuiwe. Chanya ikitoka saa nne asubuhi unafunga geti saa nne asubuhi, badala ya kesho kutwa ambapo jike mmoja ameshapelekwa shamba lingine na mwenzake amerudishwa kwa mwenyewe. Kwa kawaida baada ya mimba ya mwisho kutupwa kwa EHV-1 shamba linakaa siku 28 bila kuhamisha farasi, kwa hivyo siku moja ya mwanzo ukiipoteza unaweza kujikuta unaanza kuhesabu upya mara mbili tatu. Na hesabu ya chanya za uongo niliyoitoa juu haikusumbui sana hapa, maana hupimi wazima 1,000, unapima mtoto mmoja aliyekufa kwa namna inayoshukiwa, na ndani ya mapafu na ini lake virusi vikiwepo viko vingi mno hata mashine dhaifu inaviona. Kwa virusi hivi mashine za kubeba zimeshafanyiwa majaribio ya kulinganishwa na maabara kubwa, Fluxergy ya Marekani ni mojawapo, na Wajapani LAMP yao ya EHV-1 wamekuwa nayo muda mrefu.

Ila jibu hasi la mashine usilifanye ndio mwisho. EHV-1 si sababu pekee ya mimba kutoka, kuna bakteria wa Leptospira, kuna bakteria wengine na kuvu wa kondo, na Uingereza sababu inayoonekana zaidi ni kitovu kujisokota, jambo ambalo PCR yoyote haioni. Kwa hivyo mtoto na kondo LOTE vinaenda maabara hata mashine ikisema hasi, na mpaka maabara ijibu wale majike unawachukulia kama wamegusana na virusi. Swabu ya pua kwa farasi aliye hai nayo ikiwa hasi mara moja haitoshi, virusi hivi vinajificha mwilini na kutoka kwa vipindi.

Na nisipite hapa bila kusema kuhusu mikono yako. Vaa glovu ndefu, vaa barakoa, vaa kitu cha kukinga macho. Mwaka 2014 huko Wagga Wagga, Australia, wanafunzi wa udaktari wa mifugo na wafanyakazi waliugua mapafu baada ya kushika kondo la farasi lililokuwa na Chlamydia psittaci, ule ugonjwa wa kasuku. Saisi wetu wanashika kondo kwa mikono mitupu kila msimu na wenye mashamba wanaona sawa. Si sawa. Pesa ya mashine ya PCR inunue kwanza glovu za kutosha msimu mzima.

EVA, anza na damu usianze na mashine

Hii ni virusi vya mishipa ya damu, vinaenda kwa pumzi na kwa manii. Kentucky iliwatikisa mwaka 1984, Normandy Ufaransa mwaka 2007. Jike akiugua anapona na habaki na virusi. Dume ndiye mwenye shida, baadhi yao virusi vinakaa kwenye tezi za uzazi miaka, wengine maisha yote, na vinategemea homoni ya kiume kuishi humo. Mbegu yake iwe ya moja kwa moja, iliyopoozwa ama ya barafu, inabeba virusi tu.

Njia ya kuchagua hapa ni nyepesi na inaokoa hela. Toa damu, maabara ipime kingamwili. Ikiwa hasi, dume huyo habebi virusi, umemaliza, hakuna haja ya mashine yoyote. Ikiwa chanya na hana cheti cha kuwa alipimwa hasi kabla ya kuchanjwa, hapo sasa ndipo manii yanapimwa kwa PCR ama kwa kuotesha virusi. Mashine ya kubeba inaweza kufanya hii ya pili, POCKIT ilijaribiwa kwenye manii na matokeo yakachapishwa 2016 yakiwa mazuri, lakini najiuliza haraka ya nini, dume hajabadilika tangu wiki jana na hatabadilika wiki ijayo. Tuma maabara. Kinachoharibu kipimo hiki si mashine, ni sampuli, watu wanatuma yale maji ya mwanzo yanayotoka kabla ya mbegu, humo virusi havimo. Lazima iwe ile sehemu nzito yenye mbegu zenyewe. Nimeona sampuli ya maji matupu yameandikwa manii na kila mtu ameridhika na hasi yake.

Jike hashiki mimba tu, hana CEM hana virusi

Hawa ndio wengi. Kwa kila jike mmoja mwenye ugonjwa wa kutisha kuna makumi wenye uchafu wa kawaida kwenye mfuko wa uzazi, Streptococcus zooepidemicus na E. coli wakiongoza, na hawa ndio wanaokula hela ya mwenye shamba kimya kimya, joto baada ya joto, ada ya dume inalipwa na tumbo ni tupu.

Kwa hawa mashine ya PCR naona ni kupoteza. PCR itakuambia E. coli yupo, sawa, lakini yupo kwa sababu anasumbua ama kwa sababu swabu iligusa nje? Unachotaka kujua ni kama mfuko wa uzazi wenyewe umewasha. Darubini inakuambia hilo ndani ya robo saa. Unachukua brashi ndogo yenye kifuniko ama unamwaga mililita 60 za maji ya chumvi safi ndani unayarudisha kwenye mfuko, unapaka kwenye kioo, unakausha kwa kupeperusha, unakichovya kwenye vile vimiminika vitatu vya kupaka rangi kimoja baada ya kingine, unasuuza, unaweka chini ya lenzi. Chembe za ukuta wa mfuko zinaonekana kubwa kubwa zimejipanga. Chembe nyeupe za usaha ni ndogo zenye kiini kilichokatika vipande vipande, ukishaziona mara moja huzisahau. Wengi wanahesabu kwamba zikizidi 2 kwa kila eneo unaloliona kwenye ukuzaji wa mara 400 basi huyo amewasha. Yale maji ya kusuuza yananasa wagonjwa ambao swabu inawakosa kwa sababu yanagusa mfuko wote, swabu inagusa kapande kadogo.

Halafu sampuli ile ile unaipaka kwenye kisahani cha agari, unaweka kwenye kiangulio kidogo cha nyuzi 37, kesho yake asubuhi kimeota ama hakijaota. Darubini ikiwa safi, yaani haionyeshi usaha, na kisahani safi, mpandishe. Darubini chafu na kisahani kimeota aina moja tu kwa wingi, mtibu. Darubini safi na kisahani kimeota mchanganyiko wa kila kitu, hapo mara nyingi ni uchafu wa wakati wa kuchukua, rudia. Darubini chafu na kisahani kitupu, usipuuze, bakteria wengine hujificha, tuma maabara.

Mtego wake ni mmoja na ni mkubwa. Kisahani chako cha shambani HAKIWEZI kuotesha bakteria wa CEM, hakina ile hewa, hakina ile agari, na unakitupa kesho yake wakati yeye hata hajaanza kuonekana. Kwa hivyo kisahani kitupu hakina maana hana CEM. Na kikiota Klebsiella usiseme tu ni Klebsiella umpe dawa, kuna zile za aina K1, K2 na K5 ambazo zinaambukizwa kwa kupandana, na kuzijua aina ni kazi ya maabara. Pseudomonas aeruginosa hivyo hivyo, simamisha, tuma.

Dourine, kwa kifupi

Dourine inaletwa na kimelea kiitwacho Trypanosoma equiperdum, inaenda kwa kupandana, haihitaji mbung'o, na iko jirani zetu kabisa, nyanda za juu za Arsi na Bale Ethiopia. Haina chanjo. Kipimo cha kawaida ni cha damu maabara, na shida ni kwamba kingamwili zake zinafanana na za surra, ugonjwa wa kimelea ndugu yake, ambayo huku kaskazini mwa Kenya ngamia wanayo. Vikadi vya haraka vya surra vipo na vinafanya kazi nzuri kwa ngamia, ila kwa farasi chanya ya kikadi haikuambii kama ni surra ama ni dourine. Hata PCR ya kawaida inachanganya hao wawili. Kwa punda na nyumbu kipimo cha damu cha kawaida kinasumbua zaidi, waulize maabara wana njia gani mbadala. Kwa kifupi kikadi kitumie kujua yupi atengwe, basi.

Swabu yenyewe

Nimeongea mashine mashine lakini ukinipa mashine ghali na swabu mbaya nakurudishia jibu baya. Kwa jike CEM haitafutwi ndani ya mfuko peke yake, inatafutwa kwenye shimo la kinembe na vile vijishimo vidogo vya juu yake, cha katikati na vya pembeni, na swabu ya kawaida ni nene haingii, unahitaji ile nyembamba, unasafisha kwanza uchafu mweusi wa mafuta uliokaa humo kwa pamba kavu, unaingiza taratibu mpaka igome. Anayepitisha swabu juu juu sekunde mbili amepima hewa. Dume ni sehemu nne, mrija wa mkojo, shimo linalouzunguka, ngozi ya uume na ala yake, na yale maji ya kabla ya mbegu. Ndio, yale yale niliyokukataza kwa EVA hapa yanatakiwa, usiyachanganye. Na awe hajapata antibaiotiki ya sindano siku 7 zilizopita ama ya kupaka siku 21, la sivyo unapima dawa.

Na kama unatumia LAMP ama mashine yoyote yenye mirija, ukishamaliza mrija USIFUNGULIWE, tupa umefungwa. Ndani yake kuna vinasaba mamilioni, ukiufungua stoo ya hatamu, kuanzia kesho kila farasi wako atakuwa chanya mpaka mbuzi wa jirani.

Sasa ununue nini

Shamba dogo, majike wachache, msaada wa daktari wa kuja mara kwa mara: darubini nzuri, rangi, kiangulio kidogo na visahani. CEM na EVA tuma maabara kabla msimu haujaanza, Kenya kupitia daktari wako na watu wa maabara ya mifugo ya serikali Kabete, Tanzania TVLA, wakala wa maabara za mifugo, Temeke watakuelekeza pa kwenda na vibali. Mashine ya PCR usinunue, itakaa na vumbi na vipimo vyake vitapita tarehe kabla hujavitumia.

Shamba kubwa lenye madume wa kupokea majike wa watu, ama mazizi makubwa kama ya Oman na Emirates ambako farasi wanaingia na kutoka kila wiki, hapo mashine ya kubeba ina kazi, kwanza kwa mimba zilizotupwa, pili kwa farasi mgeni mwenye homa, tatu kuchuja CEM wakati maabara inasubiriwa. Lakini mpe mtu mmoja aifanye, asiye yule anayesafisha mabanda, awe na meza yake na koti lake, na kila awamu aweke mrija wa maji matupu pembeni, ukitoka chanya ule, matokeo yote ya siku hiyo yatupwe.

Kama ni mashamba kadhaa madogo jirani, kwa mfano yale ya Bonde la Ufa yaliyokaribiana, mimi ningeshauri mchange mashine moja ikae kwa daktari mnayemtumia wote. Anapima wengi hivyo mkono wake unazoea, vipimo haviozi, na yeye ndiye anayejua pa kuripoti.

Na popote ulipo, kila unapochukua chukua mbili mbili, swabu moja ya mashine na moja ya maabara, kutoka sehemu ile ile wakati ule ule, uandike juu ya kila moja jina la farasi, namba ya chipu, sehemu iliyotolewa na saa. Mwandishi wa fomu akiandika "jike mwekundu" tu mrudishie aandike upya, shamba lina majike wekundu sita na mmoja wao ndiye anayetakiwa kutengwa.